Gari Lililokubali Kurudi Nyuma Tu

Waliokuwapo Jumamosi ile kwenye benchi la mbao, mbele ya mashine ya kukoboa mpunga, pembeni mwa barabara itokayo Kyela mjini, ni hawa. Wa kwanza, Andrew Mwakibete, aitwaye Injinia kwa sababu aliwahi kufunga pampu ya kanisa na maji yakatoka. Wa pili, Anyosisye Mwasumbi, aitwaye Forodha, aliyebeba mizigo ya watu mpakani hadi mgongo ukamkatalia, na tangu hapo huzungumza kwa sauti ya ofisa. Wa tatu, Lusungu, muuza kahawa, ambaye hana jina la utani kwa kuwa ndiye anayewagawia wengine. Wa nne, Asegelile Mwambande, karani wa ghala la mchele kule Njisi, mwenye gari. Huyu hakuwa mtu wa benchi. Kila siku alipita hapo akitoka kwake Bujonde kwenda kazini, akapunga mkono, akaendelea na safari yake. Siku hiyo alikaa kwa sababu gari lake lilikuwa limekaa kabla yake.

Lilikuwa gari dogo la kijivu, la otomatiki, lililokwisha kutembea kilomita zaidi ya laki tatu bila kulalamika. Asegelile alikuwa analipeleka Tukuyu. Dada yake, Tusajigwe, alikuwa mgonjwa huko, nyumbani kwa bintiye Angetile, na alikuwa ametuma maneno kwamba kinywa chake hakina ladha tena. Angepata maharage yaliyoungwa kwa mawese ya nyumbani, alisema, angekula. Tena alimtaka kaka yake alete mawese hayo mwenyewe. Asegelile akajibu kwamba atafika Jumamosi, kwa gari lake. Tusajigwe, ambaye tangu utotoni hakuacha kumtania, alicheka kwenye simu mpaka akakohoa.

"Hilo gari lako lipande mlima?" alisema. "Nitakaa barazani nilione."

Neno hilo lilimkaa Asegelile rohoni. Sasa, mbele ya benchi, injini ilikuwa inanguruma, mkono wa gia uko kwenye D, na gari halisogei. Alipotia rivasi, lilirudi nyuma vizuri, tena kwa adabu.

— Oili ya gia boksi ipo? Injinia aliuliza, ameinamia injini na kikombe mkononi.

— Ipo, ndugu Andrew. Ilikuwa inavuja, nikaiongeza leo alfajiri. Chupa nzima.

— Nyekundu?

— Nyekundu.

Injinia alichomoa stiki ya oili, akaipangusa kwenye suruali ya Forodha, akaichovya tena, akaitazama juani. Kisha akaigusa, akalamba ncha ya kidole, kama wafanyavyo mafundi anaowajua yeye.

— Oili nzuri, alisema. Ina ladha. Basi tatizo si oili.

— Na suruali yangu je? Forodha aliuliza.

— Itafuliwa. Tuko kwenye mambo makubwa.

Forodha alikohoa kiofisa.

— Mimi naona hili gari si bovu. Limezoea. Kila siku Bujonde, Njisi, Njisi, Bujonde. Leo Jumamosi, siku yake ya kupumzika, wewe unalielekeza Tukuyu. Limejiuliza, limekosa jibu.

— Gari linajiuliza? Lusungu alisema.

— Otomatiki maana yake nini, kama si kuamua lenyewe?

— Kama linaamua lenyewe, lingejinunulia na mafuta.

Hapo kosta ilipita, kondakta ananing'inia mlangoni akipiga bati kwa kiganja. "Tukuyu! Tukuyu! Nafasi zipo!"

— Piteni, bwana! Injinia alimfokea. Hamuoni watu wanafikiri?

Kosta ikapita. Asegelile aliifuata kwa macho mpaka ilipopinda, kisha akarudisha macho kwenye gari lake. Simu yake ikalia. Alikuwa Angetile.

— Mjomba, uko wapi? Mama anauliza. Maharage yako jikoni, tunangoja mawese tu.

— Mwambie niko njiani, Asegelile alisema. Wala hakudanganya, maana alikuwa amesimama katikati ya barabara.

— Nimelijua, Injinia alisema ghafla. Ndani mle kuna kompyuta. Inahesabu kilomita. Zikifika laki tatu inasema, mzee, umestaafu. Lakini rivasi haihesabiwi. Ndiyo maana rivasi ingali kazini.

— Basi akienda rivasi, kilomita zinapungua? Forodha aliuliza.

— Lazima zipungue. Zitakwenda wapi?

— Kwa hiyo akirudi nyuma vya kutosha, gari linakuwa jipya!

Asegelile alikuwa mtu wa hesabu za magunia, na moyoni alijua kwamba maneno hayo hayana kichwa. Lakini aliwaza pia dada yake amekaa barazani, shingo ameielekeza barabarani. Akaingia garini. Alirudi nyuma, mkono umeshika mgongo wa kiti, shingo imepinda, mpaka karibu na daraja dogo. Akasimama, akatia D. Injini ikanguruma, gari likatulia. Kilomita hazikupungua hata moja.

Ikabidi walisukume mpaka kwenye benchi. Injinia alisukuma akitoa maelekezo, Forodha akisukuma kwa maneno tu kwa sababu ya mgongo, na Lusungu akisukuma kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa na birika. Kosta ya pili iliwapigia honi kwa nyuma.

— Mzee wangu! kondakta aliita. Tukuyu, siti ya mbele ipo!

— Asante, mwanangu, Asegelile alijibu akihema, bega limegandamana na mlango. Nina gari.

Walipokaa tena walikuwa wamelowa jasho, na Lusungu alimimina kikombe cha kila mmoja bila kuulizwa. Forodha akainua pua.

— Mwe bandu, enyi watu, kuna mtu anapika jirani?

— Na mimi nasikia harufu, Injinia alisema. Tangu injini ipate moto, nina njaa isiyo ya kawaida.

— Ni uzee, Lusungu alisema.

— Sikilizeni, Forodha alisema, na sauti yake sasa ilikuwa ya ofisa aliyepandishwa cheo. Nimepitisha magari mengi mpakani.

— Ulipitisha masanduku, Lusungu alisema.

— Niliyaona magari. Hili lilikuwa la mzee mmoja huko Japani. Mzee huyo amefariki juzi. Gari limepata habari. Haliwezi kwenda mbele, linataka kurudi msibani.

Hata Injinia alitikisa kichwa kwa heshima.

— Japani iko upande gani? aliuliza.

— Kule nyuma yake, Forodha alisema, akionyesha upande wa ziwa. Si mnaona lilivyokuwa linakimbilia huko?

— Basi tuligeuze, Injinia alisema. Tuliweke matako kuelekea Tukuyu, aende rivasi mpaka kwa dada yake.

— Dada akimwona anakuja hivyo, Lusungu alisema, atadhani anaondoka.

Asegelile alitabasamu kidogo, akaacha mara moja. Alianza kupima kwa macho kama barabara inatosha kuligeuza gari. Hapo ndipo alipojua kwamba naye amekuwa mtu wa benchi.

Wakati huo mwanamke mmoja alishuka kwenye gari lililotoka juu, na kikapu cha viazi mviringo. Aliitwa Kisa, alikuwa ameolewa huko milimani na amekuja kuwasalimu wazazi wake Ngonga.

— Mugonile, akina baba.

— Ugonile, mwanetu. Keti, kunywa kahawa, Lusungu alisema. Tuna mgonjwa hapa, akaonyesha gari.

Kisa aliweka kikapu chini, akavuta pumzi, akatazama huku na huku.

— Nani anakaanga kwa mawese?

— Hakuna anayekaanga, Injinia alisema.

— Mawese ninayajua, baba. Nimekulia humo.

Alifuata pua yake, hatua kwa hatua, mpaka akasimama mbele ya injini. Asegelile naye akasimama. Alikwenda kwenye buti, akatoa mfuko aliomfungia dada yake, akafungua chupa ya maji ya kunywa iliyojaa kitu chekundu, akanusa. Alimpa Injinia, Injinia akanusa, akampa Forodha, Forodha akanusa, akaufunga mfuniko kwa uangalifu.

— Hii ni oili ya gia boksi, Forodha alisema kwa sauti ya mtu wa kawaida.

Dukani walikuwa wamempimia oili katika chupa ya maji. Mama muuza mawese naye alikuwa amempimia katika chupa ya maji. Zote mbili alikuwa ameziweka rafu moja, na alfajiri, katika haraka ya safari, zilikuwa nyekundu sawasawa.

— Andrew! Lusungu alipiga kelele. Ulilamba!

— Nilisema ina ladha, Injinia alijitetea. Mlinipinga?

— Angefika huko kwetu, Kisa alisema akicheka, baridi ingeyagandisha humo ndani. Angengoja jua ndipo abadili gia.

Forodha alicheka mpaka akasahau mgongo. Lusungu aliweka birika chini, akasimama rasmi mbele ya Asegelile.

— Mzee Asegelile Mwambande. Kuanzia leo, wewe ni Mawese.

Asegelile, ambaye maisha yake yote alimwita kila mtu kwa jina alilobatizwa nalo, alilipokea jina hilo. Alicheka mwishowe, kicheko cha chinichini kilichomtikisa mabega.

— Nikifika Tukuyu nikamsimulia dada yangu Tusajigwe hili, alisema, atanicheka mpaka apone.

Papo hapo ubishi mwingine ukaanza. Injinia alitaka mawese yamwagwe chini, Forodha akataka yakingwe kwenye sufuria, kwa kuwa sasa yamekwisha kuchemshwa. Kisa aliwasikiliza, kikombe mkononi, kisha akamgeukia mwenye gari.

— Baba, mgonjwa yuko Tukuyu?

— Yuko Tukuyu, mama.

— Na mabasi haya yanayopita hapa tangu asubuhi, yanakwenda wapi?

Injinia alitazama stiki ya oili. Forodha alitazama suruali yake. Lusungu aliinamisha birika juu ya kikombe cha Asegelile, yakatoka machicha, basi.

Asegelile alipiga hatua hadi ukingo wa barabara, akainua mkono, maana kosta ya tatu ilikuwa imetokea kwa mbali. Mkono ungali juu, simu ikalia. Alikuwa Angetile. Alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimesikia, mwanangu," na mkono wake ukashuka.

Tusajigwe Mwambande alifariki Tukuyu asubuhi ile, barazani kwa bintiye.