Nani Alikinyamazisha King'ora

Siku ya nne baada ya maji kuingia mtaani, tope lilikuwa limekaukia kwenye miguu ya benchi letu, lakini watu walikuwa wamesharudi. Mimi ndiye muuza kahawa. Birika langu linakaa baina ya benchi na kibanda cha Waya, binti fundi redio, kwa hiyo hakuna neno linalonipita. Asubuhi ile alikuwepo Spana, mtengeneza baiskeli, mtu ambaye mdomo wake hauna breki. Alikuwepo Chaki, mwalimu mstaafu, ambaye akikosa jibu hutoa msamiati. Na alikuwepo Bi Pasi, anayewapigia watu nguo pasi pale pembeni. Waya ni mtoto wa kaka yake, kamlea mwenyewe, lakini tangu siku ya mafuriko hakuwa amemsemesha hata salamu. Kibanda kilikuwa kimefungwa. Waya alikuwa ameitwa ofisini, kule wanakosimamia king'ora cha mafuriko. Kwenye nguzo ya umeme mbele yetu palikuwa pamebandikwa karatasi mpya, gundi haijakauka.

— Sikilizeni upuuzi huu! Spana alisoma kwa sauti ya kuita watu wa mitaa mitatu. "Wananchi mnaarifiwa kwamba king'ora cha tahadhari hakikulia kutokana na hitilafu ya programu iliyoandikwa na mtu binafsi." Mtu binafsi! Waya wetu leo ni mtu binafsi!

— Ni wenu, alisema Bi Pasi. Mama yangu amelala wodini, mguu umevunjika mara mbili. Mkwe wangu alimtoa kwa kumlaza juu ya mlango uliong'olewa. Msiniambie habari za Waya wetu.

Mama yake Bi Pasi ndiye bibi yake Waya, na sote tunamwita bibi.

Kwa asiyejua: kule juu kwenye daraja kuna vipimo vinavyosoma kina cha mto na kukirusha hewani kwa mawimbi ya redio. Ofisini kuna kompyuta, na kwenye kompyuta pamechomekwa kipokezi kidogo, hakizidi kiberiti. Kipokezi kinadaka mawimbi, kompyuta inayageuza kuwa namba, namba zikipanda king'ora kinalia. Katikati ya kipokezi na kompyuta kuna programu ndogo ya kuvipatanisha, inaitwa draiva. Waya aliiandika miaka sita iliyopita na tangu hapo ameilea kama mtoto mgonjwa.

— Mimi hapo ndipo ninapopotea, alisema Spana. Dereva gani anakaa ndani ya kompyuta?

— Si dereva, ni draiva, alisema Chaki. Ni istilahi. Na kosa si lake. Ni unyevunyevu. Siku ile hewa ilikuwa na maji mengi, mawimbi yakalowa, yakawa mazito, yakaangukia njiani. Ni fizikia.

— Mwalimu, simu yangu ilishika mtandao siku nzima! Hayo mawimbi ya simu yalivaa koti la mvua?

— Simu ni mawimbi mafupi. Yanapita katikati ya matone.

— Acha! Spana alipiga paja. Mimi nitawaambia. Ni ule mnara mpya wa simu. Umekaa pale juu unameza kila kitu. Mawimbi yetu ya mto yameliwa na watu wanaotumiana video za harusi.

— Hata mnara si kitu, alisema Chaki, akisogea mbele. Fikirini kwa kina. Kipokezi kile kinaweza kudaka redio yoyote. Yoyote! Siku ile kulikuwa na mechi. Mtu pale ofisini alikizungusha akatafuta mpira.

— Ee! Walisikiliza mpira huku mto unakuja!

— Na wakishinda wanapiga honi. Kwa hiyo king'ora huenda kililia, sisi tukadhani ni goli.

Nilicheka, kisha nikaona uso wa Bi Pasi nikajuta. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili na hakunywa.

— Acheni, alisema. Mpira, mnara, unyevunyevu. Mimi najua kitu kimoja. Aliniambia, "Shangazi, kikilia una muda wa kumtoa bibi." Nikamwamini. Siku ile niliona maji yanapanda kwenye mtaro, nikajisemea, king'ora hakijalia, ngoja nimalize shati hili. Shati la mtu!

Ndipo Waya akatokea kwenye kona, mkoba begani, macho yamevimba. Alimsalimia Chaki, akatusalimia na sisi, kisha akasimama mbele ya shangazi yake.

— Shikamoo, shangazi.

Bi Pasi hakuitikia.

— Walikuitia nini? Spana aliuliza. Usiwafiche, tutakwenda kuwavunjia mlango!

— Walitaka nitie saini kwamba programu ni yangu.

— Ukakataa!

— Nilitia. Ni yangu.

— Waya! Umejichimbia kaburi!

— Ni yangu, kaka. Nikawaambia na ile mpya pia ni yangu, nayo iko kwenye droo yao, bahasha haijafunguliwa. Nikaivuta droo mbele yao. Imo.

Chaki aliweka kikombe chini.

— Tufafanulie, mwanangu. Taratibu. Na usitumie istilahi.

Waya aliketi juu ya kizingiti cha kibanda chake. Alizungumza na Chaki, lakini maneno yalikuwa yanamwendea shangazi yake.

— Miezi mitatu iliyopita vipokezi vya zamani viliisha, wakanunua vipya. Jina lile lile, boksi lile lile, rangi ile ile. Ndani kiwanda kimebadilisha chipu, ile inayochagua masafa. Draiva ikiuliza "wewe nani?", chipu mpya inajibu kwa jina la ile ya zamani. Basi draiva inaipa amri za zamani, na chipu inaitikia "sawa, sawa, sawa", halafu haifanyi lolote. Inakaa inasikiliza hewa tupu.

— Kumbe ni tapeli! alisema Spana.

— Niliazima kimoja nikakifungua. Nilikaa nacho wiki tatu. Kiwanda hakikuandika popote kwamba kimebadilisha; niliwauliza, wakanijibu bidhaa iko vizuri. Nikawa natuma amri moja moja, naangalia inajibu nini, naandika. Nikagundua pia kikipata joto kinahama masafa polepole, baada ya saa mbili kiko pembeni kabisa. Nikaifundisha draiva kukirekebisha kila dakika. Na sasa haiulizi jina tena. Inaipima chipu yenyewe, inajua.

— Na ile ya zamani, alisema Bi Pasi.

Sote tuligeuka. Ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa Waya tangu maji yaingie.

— Ile ya zamani ilipokosa mawimbi, mbona haikusema?

Waya alikunja vidole vyake.

— Hapo ndipo kosa langu, shangazi. Nilipoiandika, niliiambia ikikosa namba mpya ishike namba ya mwisho. Nilidhani ni kukatika kwa sekunde mbili tatu tu. Kwa hiyo siku ile ofisini skrini ilikuwa inaonyesha mto umetulia. Mto wa miezi mitatu iliyopita. Kwenye toleo jipya nimelifuta hilo. Ikikaa dakika mbili bila kusikia daraja, inapiga kelele yenyewe. Nililipeleka ofisini mwenyewe, kwenye flashi, na barua. Nikarudi mara tatu. Wakasema programu ya mtu wa nje haiwekwi bila kibali, na kibali kinasubiri kikao. Ile ya zamani si ilikuwa ya mtu wa nje vilevile?

— Kikao! Spana alisimama. Mto ulisubiri kikao? Hawa watu, hawa watu wana roho gani? Wanakula mezani kwako, wakivunja sahani wanasema mpishi!

— Ni urasimu, alisema Chaki, na safari hii msamiati ulimtoka bila raha. Urasimu mtupu.

Nami nilikuwa na hasira. Nilimimina kahawa hadi ikafurika nje ya kikombe. Tulipaza sauti sote, kila mtu na tusi lake kwa ile ofisi, hata mgeni mmoja aliposimamisha baiskeli hatukumwona mpaka alipobisha kwenye ubao wa benchi. Alikuwa mtu mzima, viatu vina tope hadi kwenye kamba.

— Samahanini, namtafuta fundi anayeitwa Waya. Aliyeandika ile programu ya vipokezi.

Spana alimziba Waya kwa mwili wake.

— Unamtakia nini? Nawe umetoka ofisini?

— Mimi? Mimi ni mwashi. Nakaa kule chini, unafuata mto saa nzima kwa baiskeli. Nimekuja kumpa mkono.

Alieleza akiwa amesimama. Kwao wana vipokezi hivi hivi vipya, na vipimo wanavyovisikiliza ni hivi hivi vya daraja la juu. Waya alikuwa ametuma toleo jipya kwa kila mtu anayetumia draiva yake, bila kuombwa. Mwangalizi wa king'ora cha kwao alipolipata alimwambia mkuu wake, na wakaliweka siku ile ile.

— King'ora chetu kililia saa nane na dakika ishirini, alisema. Tulipanda shuleni kilimani na wazee wetu wote. Mbuzi watatu ndio walikwenda na maji. Hakuna mtu hata mmoja.

Hapa maji yalifika saa tisa kamili. Saa ya ukutani ya Bi Pasi ilisimama pale pale, saa tisa na dakika mbili, bado haijatengenezwa. Niliona midomo yake ikihesabu.

— Dakika arobaini, alisema.

Waya alijifunika uso. Yule mwashi alitazama huku na huku, hakuelewa amesema nini kibaya.

— Niwieni radhi. Kwenu hakikulia?

— Hakikulia, nilimjibu mimi. Alipeleka programu ofisini, wakaifungia kwenye droo. Miezi miwili.

— Na ninyi mlijua?

— Tulijua, alisema Spana. Alikuwa anatuambia hapa hapa, kila jioni. Waya hana siri.

Mwashi aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayepanga matofali.

— Sasa zile mara tatu alipokwenda ofisini, alikwenda na nani?

Aliuliza tu. Hakuwa na ubaya. Chaki alivua miwani akaipangusa, akaipangusa tena. Mimi nilikumbuka siku ya pili kati ya zile tatu, Waya amesimama mbele ya birika langu anasema, "Twende hata wawili, wataona si mimi peke yangu," na mimi nikamwambia maji yangu ndiyo kwanza yanachemka.

Bi Pasi aliinuka. Alimshika Waya mkono, akamtoa uso kwenye viganja.

— Marahaba, mwanangu, alisema. Chukua mkoba wako.

Hakutuambia sisi twende. Tulikwenda. Mwashi naye alikuja, anasukuma baiskeli. Bi Pasi aliingia ofisini bila kubisha hodi, akasimama mbele ya ile meza, akasema hatoki mpaka bahasha ifunguliwe. Mkuu alitaja kibali. Akataja kikao. Akatuhesabu kwa macho, akamwita mtu wa kompyuta.

Kuiweka programu kulichukua dakika saba. Nilitazama saa.