Besi wa Mutaho

Tangu gari liondoke Gitega, mama aliyekaa mbele yangu, Efrazia, alipakata kikapu cha maharage akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ndogo. Jirani yake wa kiti, Cibalonza, Mkongo anayeuza vitenge Muyinga, akashindwa kuvumilia. "Mama, umeniambia ulirudi ukakuta shamba ya baba yako imekamatwa, wakakuachia nusu. Alors, furaha iyo inatokaka wapi?"

"Kwa Yesu," akajibu Efrazia kwa Kiswahili cha Tanzania alikokulia ukimbizini. "Haya ni mavuno ya kwanza ya hiyo nusu. Nayapeleka kanisani."

"Na mwenye alibakia na nusu ingine?"

"Elikana? Yumo kwenye kwaya yetu. Ndiye besi."

"Mungu wangu! Mi ningemufukuza."

"Nilitamani. Lakini hatuna besi mwingine." Akacheka. "Katikati ya wiki tunabishania mpaka wa shamba, Jumapili tunaimba." Akaurudia wimbo wake.

Mimi, niliyeonekana kanisani mara ya mwisho Pasaka, nilikuwa nimeshaanza kuufuata wimbo kwa mguu.

Gari liliposimama Mutaho, mwanamume mmoja alimpokea Efrazia kikapu, na kabla ya salamu akauitikia ule wimbo kwa sauti nzito.

"Mi bado ningemufukuza," Cibalonza akaniambia. Lakini dereva alipowasha gari, akamwomba angoje ubeti uishe.