Ami Shukri, Mufti wa Vimraba

Tarehe thelathini Juni, Ustadh Shukri Abdel-Tawwab anastaafu baada ya kuitumikia Matbaa ya Mitwalli, kiwanda cha uchapaji hapa mtaani Faggala, kwa miaka thelathini na minne. Niliombwa niandike wasifu wa kuchangamsha. Nitajitahidi, ingawa tangu alipoanza kufungasha vitu vyake hakuna anayependa kupita karibu na meza ile.

Alianza kama mpanga herufi za risasi, akahamia kwenye filamu za uchapaji, kisha kwenye kompyuta. Kila mashine ilipozeeka alijifunza iliyofuata bila kunung'unika, akanung'unikia mambo mengine yote: chai yetu, wino wetu na ndoa zetu.

Umaarufu wake ulikuja na misimbo ya QR, ile michoro ya vimraba vyeusi ambayo mtu huielekezea simu ikamfungulia kitu. Siku hizi karibu kila kadi ya sadaka tunayowachapia marehemu ina msimbo wake, ili anayeipokea asikilize kisomo na kumwombea. Wateja hutuletea misimbo hiyo kwa simu, ikiwa picha za JPEG, na hapo ndipo fatwa zilipoanza. JPEG, alitufundisha, inafaa uso wa mtu na mandhari. Msimbo huuchafua kingo, na kila ukihifadhiwa upya unachuja kama kanga iliyofuliwa mno. Kwa kioo cha simu tumia PNG. Kwa karatasi na bango leta SVG, ambayo haina nukta za kupanuka, bali mistari inayochorwa upya kwa ukubwa wowote. Tukamwita Mufti wa Vimraba. Siku moja mkahawani alimwita meneja kabla hajaagiza chochote, amweleze makosa ya msimbo uliobandikwa mezani. Maskini yule alidhani mzee ameona nzi.

Chakula cha mchana alikula mezani kwake, mkate na ful, yaani maharage ya kupondwa, ameelekea ukutani. Mkewe, Bi Ihsan, alifariki zamani na hawakujaliwa mtoto. Mwezi wa Ramadhani alifuturu hapa na mlinzi. Tulimkaribisha majumbani, akashukuru, hakuja. Tukachoka kumkaribisha, na hilo linaniuma.

Mwaka juzi alikuja Bi Inshirah, aliyefiwa na mwanawe wa pekee, Karim. Arubaini ilikuwa keshokutwa. Alitaka kadi, na bango la kutundika mlangoni mwa msikiti, lenye msimbo wa kufungua sauti ya Karim mwenyewe akisoma Surat al-Mulk. Msimbo aliutengeneza mpwa wake aliyeko Kuwait, ukapita katika simu za ukoo mzima kabla ya kutufikia. Ami Shukri aliujaribu kwa simu zetu zote. Haukufunguka.

Haji Mitwalli, mwenye matbaa, alisema foleni ni ndefu na mteja ameridhika na alichokileta. "Shukri, hapa ni matbaa, si mahakama ya kadhi. Chapa."

Ami Shukri alisimama mbele ya mashine. "Haji, marehemu hawezi kupiga simu kulalamika," alisema.

Akampigia yule mpwa, ambaye alikuwa kazini na hapokei. Mama wa watu akakaa kitini, Ami Shukri akakaa naye, wakanywa chai mpaka duka likafungwa. Asubuhi mpwa alituma faili yenyewe, SVG, haijaguswa. Siku ya arubaini watu walisimama ng'ambo ya barabara wakainua simu, na Karim akasoma. Bi Inshirah alikuja kutuambia, "Sasa mwanangu hayuko peke yake." Ami Shukri alikwenda kuosha bilauri za chai, kazi ambayo hajawahi kuifanya kabla wala baada.

Wiki iliyopita aliniita. "Nagla, binti yangu, kadi yangu ya sadaka nimeshaitengeneza. Nimejisomea mwenyewe, sauti mbaya lakini ndiyo niliyonayo. Tarehe tu nimeiacha wazi. Shida ni moja, siku hiyo nani ataileta kaunta?"

Nilimwambia aache kujitabiria, kisha nikaenda kulia stoo.

Ami, jibu lako ni hili. Faili yako sasa anayo kila mtu wa matbaa hii, kuanzia mlinzi hadi wapiga wino. Haji Mitwalli alitumiwa faili hiyo kwa simu ikiwa picha ya JPEG, akairudisha kwa hasira, akadai SVG. Kiti chako tumekigeuza, hakitazami ukuta tena, na Jumamosi tunakungojea kwa ful. Asante kwa kutufundisha kuwatunza wasioweza kulalamika. Mungu akupe afya na furaha, na ile nafasi ya tarehe ikae tupu miaka mingi.