Kibofu cha Mtoto wa Farasi

DAKTARI: Haloo? Nani mwenzangu?

DADA: Ni mimi. Usikate.

DAKTARI: Dada? Shikamoo.

DADA: Marahaba, mdogo wangu. Nyumbani hawajambo?

DAKTARI: Hawajambo. Mwaka mzima hatusemezani, halafu leo—

DADA: Najua. Yule farasi wa marehemu baba amezaa juzi. Dume. Tangu asubuhi hanyonyi, anajikamua tu.

DAKTARI: Choo au mkojo?

DADA: Nitajuaje?

DAKTARI: Mgongo kaukunja juu kama paka, au kaubonyeza chini, miguu kaitanua?

DADA: Chini. Katanuka kama meza.

DAKTARI: Basi ni mkojo. Unatoka?

DADA: Matone mawili matatu. Tumbo limekuwa ngoma.

DAKTARI: Weka kiganja ubavu mmoja, gonga wa pili.

DADA: [Mkwaruzo.] Maji yanacheza, kama dumu lililojaa nusu.

DAKTARI: Kibofu kimepasuka, huenda wakati wa kuzaliwa. Mkojo unamwagikia tumboni.

DADA: Na mimi nilitaka kumnywesha mafuta, nikidhani kavimbiwa.

DAKTARI: Usimpe kitu.

DADA: Siku ile ya msiba wa baba, huu mdomo wangu—

DAKTARI: Mshike nyuma ya kiwiko chake cha kushoto. Moyo unakwendaje?

DADA: Polepole. Unaruka... halafu unarudi.

DAKTARI: Chumvi za mkojo zimerudi kwenye damu. Nikimpasua hivi hivi, moyo utasimama. Kwanza dripu, tunyonye ule mkojo, ndipo nishone.

DADA: Utamtuma nani?

DAKTARI: Nishawasha gari, dada. Mfunike blanketi, tumbo usilikande.

[Siku ya pili, asubuhi.]

DAKTARI: Haloo? Vipi tena?

DADA: Umefika kwako salama, baada ya ule mshono wa usiku?

DAKTARI: Nimefika. Mgonjwa wangu?

DADA: Amekojoa.

DAKTARI: Matone?

DADA: Matone gani? Kanilowesha viatu vyote viwili. Nimesimama hapa nacheka peke yangu kama mwehu.

DAKTARI: Ananyonya?

DADA: Mpaka mama yake kamchoka. Sasa... kazi yako imekwisha?

DAKTARI: Nyuzi hutolewa baada ya wiki mbili.

DADA: Hata mimi naweza kukata nyuzi.

DAKTARI: Hapana. Hizi ni ngumu.

DADA: Ngumu kiasi gani?

DAKTARI: Kiasi cha kushinda kutwa. Nitakuja na wanangu, hawajawahi kumwona mtoto wa farasi.

DADA: Waje. Hata shangazi yao hawamju—... Salio linakwisha. Jumamosi ya nyuzi, umesikia? Juma—

DAKTARI: Jumamosi. Dada? Haloo?