Tulinagwe, Mama wa Chungu Kimoja

Dada yetu Tulinagwe Mwakyambile alizaliwa tarehe 14 Agosti 1989 katika kata ya Ndandalo, wilayani Kyela, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu. Mkubwa ni Lameck, na mdogo ni Andongwisye, anayesoma wasifu huu mbele yenu. Alikuwa mtoto wa maneno mengi. Mama alisema nyumba ikiwa kimya, basi Tulinagwe ametumwa dukani.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1997. Baba alifariki mwaka 1999, na mama akamfuata Februari 2000. Matanga yalipoanuliwa, wazee wa ukoo walikaa kama desturi ilivyo, wakagawa ng'ombe na majembe asubuhi, na watoto mchana. Hawakuwa na roho mbaya. Hakuna nyumba iliyoweza kulisha vinywa vitatu zaidi, wakaona wametenda haki. Lameck alikwenda Mbeya mjini kwa baba mdogo Yakobo, Andongwisye akabaki Ndandalo kwa bibi, na Tulinagwe akapandishwa mtumbwi hadi Ikombe kwa shangazi Damaris, mfinyanzi. Watoto wenyewe hawakuulizwa.

Huko Tulinagwe aliacha kusema, karibu mwaka mzima. Huzuni ya watoto hao ilikuwa moja, ila kila mahali ilipewa jina lake. Mbeya waliiita msongo wa mawazo, na Lameck akapata mwalimu wa ushauri nasaha wa kukaa naye. Ndandalo waliiita utundu, na Andongwisye, aliyekuwa akikojoa kitandani, akachapwa. Ikombe waliiita pepo, na Tulinagwe akafukizwa dawa mpaka macho yakavimba. Aliyemsaidia ni shangazi, aliyemwekea bonge la udongo kila alasiri bila kumdai neno. Alirudia darasa mwaka huo, akamaliza la saba mwaka 2004.

Krismasi ya mwaka 2002 aliletwa Ndandalo kusalimia, amebeba chungu alichokifinyanga mwenyewe. Andongwisye alimkuta uani, akapiga goti na kumwambia, "Mugonile," kama anavyosalimiwa mgeni mkubwa. Tulinagwe alicheka, akamwinua, halafu akaenda nyuma ya migomba kulia. Chungu hicho bado kipo nyumbani kwa Andongwisye, kimeungua upande mmoja.

Aliolewa mwaka 2009 na Godwin, mfanyabiashara wa mchele mwenye ndugu Karonga, na wakajaliwa watoto watatu. Godwin alifariki mwaka 2021 kwa ajali ya pikipiki.

Tulinagwe aliuza vyungu sokoni Kyela, na tangu mwaka 2016 alikuwa mhudumu wa afya wa jamii. Alipopewa kazi ya kupima uzito wa watoto wachanga, yeye aliwatafuta na watoto wakubwa waliokaa kimya. Aliwapa udongo, akakaa pembeni. Mama mmoja alimuuliza kwa hasira, "Sasa huyu anatibiwa nini hapo?" Akamjibu, "Mama, bado anatafuta pa kuanzia. Msimkimbize." Tulimtania kwamba mshahara wake wote uko chini ya kucha.

Machi 2024 aligundulika kuwa na saratani ya shingo ya kizazi. Alitibiwa Mbeya, akarudi nyumbani, na tarehe 9 Juni 2025, Jumatatu alfajiri, akatutoka. Tunaumia, na hatutaficha. Siku chache kabla aliwaita kaka yake na mdogo wake, akasema, "Watoto wangu msiwagawe. Hata kama ni ndizi tupu, wale chungu kimoja. Mmenisikia?" Lameck akajibu, "Tumesikia." Akasema, "Semeni mbele ya watu." Ndiyo sababu tunasema.

Maana tangu juzi, maiti ikiwa bado ndani, tumesikia minong'ono kwamba Mercy, binti wa marehemu, anafaa kwenda Dar es Salaam kusaidia kazi za nyumbani, na kwamba Dickson, nduguye, ana nguvu ya jembe. Wazee wetu, tunawaheshimu. Kikao cha ukoo ni Jumamosi. Mtagawa ng'ombe, shamba la kokoa na vyombo. Watoto hawamo katika mgawo. Wamelala kwa Andongwisye tangu Jumatatu, na hapo ndipo watakapolala.

Marehemu ameacha kaka, mdogo wake, shangazi Damaris, na watoto Mercy, Dickson na Tusajigwe, ambao tangu msiba uanze hawajaachiana mikono, na Tusajigwe hajasema neno. Hatutamkimbiza. Mungu ampumzishe Tulinagwe, naye atusaidie tusimwamshe kwa kuvunja neno lake.