Masizi Yaliyofuata Jua: Maisha ya Sylvesta Stanislaus, 1940–1978

Sogeeni jamani, na nyie wa kule kwenye migomba, mwenye mtoto ampe ziwa anyamaze, maana mimi Philemon nasoma tu wasifu huu, maneno ni ya mama mzazi wa marehemu, Josepha, na sitayarudia.

Sylvesta alizaliwa tarehe 14 Machi 1940 kule Muyama, Kasulu, akasoma hadi darasa la nane mwaka 1956, na mwaka 1961 akaajiriwa hospitali ya Kibondo kuosha vyombo vya kioo vya maabara, akahamia huko na mama yake, mwaka 1964 akamwoa Immakulata, wakajaliwa Esteria na Crispin.

Agosti 1976 alitia masizi ya chungu kwenye glasi ya maji, akayaacha yatulie chini, akalielekeza jua pale kwa kioo cha kukuzia, akaita, "Mama, njoo uone," na masizi yakatambaa kutoka pembeni, yakakusanyika penye jua kama siafu. Akamweleza kwamba masizi hunywa jua, yakapasha maji, maji ya moto yakapanda, ya pembeni yakaja kushika nafasi huku yakiyakokota masizi mengine, lakini Josepha akamwaga yote, akapiga kelele, "Jua ni la kuanikia maharage, si la kuchungia masizi! Mwanangu kawa mchawi!"

Siti wa jirani alisikia, kijiji kikasikia, na tangu siku ile hakuna aliyekunywa maji nyumbani kwa Sylvesta, na Esteria kisimani akawa anaambiwa, "We, maji ya baba yako yana miguu."

Wiki ya tatu, Sylvesta akiwa kazini, Josepha aliijaribu glasi ile mwenyewe, masizi yakaja vilevile, akajua mwanawe hana kosa, akaona haya kusema, akanyamaza karibu miaka miwili.

Januari 1978 ugonjwa wa figo ulimshika Sylvesta, na kitandani kila jioni aliuliza, "Mama, leo kuna aliyekunywa kwetu?" naye akamdanganya, "Wamekunywa, mwanangu," mpaka Jumamosi, tarehe 3 Juni, alipokata roho.

Familia inawashukuru madaktari, wenzake wa maabara, na majirani mliochimba kaburi tangu alfajiri, ingawa mama amewaona, kila mtu kaja na kibuyu chake cha maji.

Koti la kazi amerithi Crispin, kioo cha kukuzia Esteria, na glasi imebaki kwa Josepha, ndiyo hiyo mezani, imejaa maji ya mtungi wa Sylvesta, atakunywa yeye kwanza mbele yenu, kisha atampa Siti.

Pumzika kwa amani, Sylvesta, mchawi hukuwa, na aibu hii mama yako ameibeba mwenyewe.