Pochi ya Fundi Kufuli na Kompyuta ya Kwantamu

Asubuhi hiyo Fundi Kufuli alikaa kijiweni na kahawa yake ikapoa mkononi. Kibanda chake cha kuchonga funguo kiko hatua nne tu kutoka kwenye benchi, na kwa miaka mitatu alikuwa akiweka akiba kwenye sarafu za mtandaoni, apate kununua mashine ya kuchonga funguo za magari. Sasa redio imesema inakuja kompyuta ya kwantamu, itafungua pochi zote za mtandaoni. Roho ilikuwa juu. Wenzake, ambao hawajawahi kumiliki sarafu hata moja, walikuwa na majibu tele.

— Ukishatuma sarafu mara moja tu, umelianika kufuli lako hadharani, alisema Profesa, fundi redio. Hiyo kompyuta inalitazama kufuli, inachonga ufunguo.

— Bila kuuona ufunguo wenyewe? aliuliza Fundi.

— Bila.

Fundi aliumia. Yeye kazi hiyo humchukua nusu siku.

Kinyozi akadai dawa ni joto, maana alisikia kompyuta hizo huishi kwenye baridi kali. Simu ikalazwa kando ya jiko la kahawa mpaka ikaanza kunuka. Profesa akaona huo ni utoto. Kompyuta, alieleza, huiba kilichoandikwa, lakini kilichomo kichwani mwa Kinyozi haikipati.

— Hata mimi sikipati, alikiri Kinyozi.

Basi wakakata shauri. Yale maneno kumi na mawili ya siri ya kufungulia pochi yaliyoandikwa kwenye karatasi, yakakatwa moja moja, yakachanganywa kama karata, kila mmoja wa hao watatu akapewa manne ayashike kichwani. Vipande vya karatasi vikatiwa kwenye moto wa jiko la kahawa. Pochi ikafutwa kwenye simu, isibaki hata alama. Fundi akashusha pumzi, akawaagizia wote kahawa, akajiona ameizidi dunia akili.

Ndipo mkewe akapita akitoka sokoni. Wakamsimulia yote kwa majigambo, kila mmoja akimkatiza mwenzake. Akawasikiliza mpaka mwisho.

— Mume wangu, si uliniambia pochi inataka maneno yafuatane vilevile?

— Ndiyo.

— Sasa la kwanza analo nani?

Profesa akamtazama Kinyozi. Kinyozi akatazama jiko.

— Lakini kwa upande wa kwantamu, alisema Profesa polepole, hapo haiingii ng'o.